Anayeshinda Ndani Ndiye Ashike Kitufe

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma, na kuanzia siku hiyo giza huanguka mapema jioni. Katika nyumba nyingi za watu wetu tuliotoka Afrika Mashariki, kuanzia Leicester na Northampton hadi mashariki mwa London, ndipo huanza ugomvi mdogo wa kila mwaka. Mmoja anapandisha joto la nyumba, mwingine anapita baadaye na kulishusha. Siku mbili tatu hakuna anayesema neno. Kisha bili inaingia, na maneno yanatoka yote kwa mkupuo, hata yale yasiyohusiana na gesi.

Nimezisikia pande zote mbili mara nyingi, na sitaki kuandika kama mtu asiye na msimamo. Naamini joto la nyumba liamuliwe na yule anayeshinda ndani, na bili isomwe na wote wawili. Katika nyumba nyingi mambo yako kinyume: anayelipa ndiye anayepanga nyuzi, na anayeshinda ndani hajawahi kuiona bili. Huyu anatetemeka bila kujua zinaokolewa pauni ngapi, na yule anakasirika bila kujua nyumba yake huwaje saa nne asubuhi yeye akiwa kazini.

Tuanze na miili, maana sehemu kubwa ya ugomvi huu inatokana na kudhani mwenzako anadeka. Mwili huzalisha joto zaidi misuli inapofanya kazi. Aliyeshinda ghalani akinyanyua maboksi, akapanda mabasi mawili na kumalizia kwa miguu, akiingia ndani huona nyuzi 18 zinamtosha kabisa. Aliyeketi jioni nzima akimnyonyesha mtoto huona nyuzi hizo hizo ni baridi. Wote wawili wanasema kweli. Tena wanawake kwa wastani wana misuli michache kuliko wanaume, hivyo mwili uliotulia huzalisha joto pungufu, na vidole vya mikono na miguu hupoa mapema. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, waliandika katika jarida la Nature Climate Change kwamba kanuni iliyotumika tangu miaka ya 1960 kupanga joto la maofisi ilijengwa juu ya mwili wa mwanamume wa miaka 40 mwenye uzito wa kilo 70. Mume anayemwambia mkewe "mbona mimi sisikii baridi" analirudia kosa lile lile la kupima jengo zima kwa mwili mmoja.

Lipo na jingine ambalo themostati ya ukutani haiwezi kulipima. Mwili hupoteza joto kuelekea kitu cha baridi kilicho karibu nao, hata kama hewa ya chumba ni vuguvugu. Anayekaa kwenye kochi lililoegemea ukuta wa nje, au lililo chini ya dirisha la kioo kimoja, atasikia baridi wakati mwenzake aliye upande wa pili wa chumba hicho hicho yuko sawa. Sogezeni kochi hadi ukuta wa ndani. Na kama lilikuwa limeziba rejeta, yaani lile paneli la chuma la ukutani linalopitisha maji ya moto, mtakuwa mmepata faida mara mbili, kwa sababu joto mlilokuwa mkililipia lilikuwa linaishia kwenye mgongo wa kochi.

Sasa tuje kwenye pesa, kwenye uzito wenyewe. Pauni ya mtu wetu ina wenyewe wengi. Kuna kodi ya nyumba, kuna ada ya viza pamoja na tozo ya huduma ya afya, kuna karo ya mdogo wako aliye Morogoro na dawa za presha za mama aliye Mombasa. Anayeshusha joto mara nyingi anawafikiria hao, na si haki kumwita bahili. Lakini mtoto anayekohoa Luton naye ni ndugu, na yeye hana namba ya simu ya kukupigia kukueleza shida yake. Ninachowaomba wanandoa ni kuiandika gharama ya joto katika orodha moja na pesa za nyumbani, kwa wazi, tangu Septemba, badala ya kuiacha ichotwe kimyakimya kutoka katika mwili wa mmoja wenu.

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo kupasha nyumba joto si gharama ya mwezi. Hata katika baridi ya Njombe, Lushoto au Limuru mtu huvaa sweta, huota moto jikoni, kisha hulala. Umeme tunaujua kwa LUKU au kwa tokeni: unanunua yuniti, ukiona zinakwisha unazima. Bili ya Uingereza ina mambo yake. Kwanza kuna ada ya kila siku, ambayo utailipa hata kama umefunga nyumba ukaenda Zanzibar mwezi mzima. Miaka ya karibuni ada ya gesi na ya umeme kwa pamoja imekuwa kati ya peni 80 na 95 kwa siku. Pili kuna yuniti zenyewe, yaani kilowati-saa. Ofgem, mamlaka inayosimamia soko la nishati, hutangaza kikomo cha bei kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya habari hutaja kiasi fulani cha pauni kwa mwaka. Watu wengi huamini kwamba hicho ndicho kiwango cha juu watakachodaiwa. Sivyo. Kikomo kimewekwa kwenye bei ya yuniti na ada ya siku, na kile kiasi kinachotajwa ni makadirio ya nyumba yenye matumizi ya kawaida. Ukitumia zaidi, utalipa zaidi.

Kuna hesabu moja ambayo kila mume na kila mke aishiye huku aijue kichwani. Yuniti ya umeme imekuwa ikiuzwa kwa karibu peni 25, na ya gesi kwa karibu peni 6. Ni tofauti ya mara nne. Fikiria nyumba ambamo mmoja amefunga gesi kwa hofu ya bili, na mwingine, kwa kushindwa kuvumilia, amenunua hita ya feni akaiweka chumbani. Hita ya kilowati 2 ikiwaka kwa muda wa saa nne hula yuniti 8, yaani pauni 2. Kwa mwezi ni pauni 60. Joto la kiasi hicho hicho kutoka kwenye boila nzuri ya gesi lisingefika peni 60 kwa siku. Yule aliyefunga gesi anaamini ameokoa, na bili ya umeme inapopanda anamlaumu mwenzake, kumbe uamuzi wake ndio uliomsukuma mwenzake dukani.

Hata hivyo umeme una mahali pake, na mahali penyewe ni mwilini. Blanketi la umeme hutumia wati 100 hivi, kwa hiyo jioni nzima ya muda wa saa nne hugharimu kama peni 10. Kumpasha mtu ni rahisi kuliko kupasha chumba, na mke anayesoma au mume anayesubiri zamu ya usiku anaweza kujifunika nalo kwenye kochi huku chumba kikibaki nyuzi 18. Lisitumike kwa mtoto mchanga, wala kwa mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za miguu, wala kitandani pamoja na chupa ya maji ya moto.

Baada ya hesabu, ratiba. Boila nyingi huwa zimepangwa ziwake asubuhi na jioni, kwa mtindo wa watu wanaotoka wote saa mbili na kurudi wote saa kumi na moja. Watu wetu hawaishi hivyo. Wanafanya zamu katika nyumba za kulelea wazee, hospitalini, maghalani. Mmoja anarudi saa mbili asubuhi na kulala hadi saa tisa, mwingine yuko nyumbani na mtoto kwa likizo ya uzazi. Ukiipasha nyumba yote mchana kutwa kwa sababu mmoja yuko macho, umempasha na aliyelala chini ya duveti, ambaye angelala vizuri zaidi kwenye nyuzi 18.

Kaeni Jumapili jioni na karatasi ya zamu za wiki. Andikeni kila mmoja atakuwa chumba gani, saa ngapi, akiwa amelala, ameketi au anafanya kazi za mikono. Anayelala au anayefanya kazi hahitaji sana. Aliyeketi ndiye wa kupangiwa joto. Rejeta nyingi zina kitasa chenye namba pembeni, na namba hizo ni viwango vya joto la chumba hicho peke yake. Namba 3 kwa kawaida ni karibu nyuzi 20. Chumba cha aliyelala kiwekeni namba 2, sebule iwe 3 au zaidi kidogo, halafu mlango ufungwe. Rejeta iliyo katika chumba chenye themostati ya ukutani iachwe wazi, ili vidhibiti hivyo viwili visipingane. Chumba kisichotumika kiachwe namba 1, kisizimwe kabisa, kwa sababu ya unyevu ambao nitaurudia.

Wenzetu Waislamu wana jambo la ziada. Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, na miaka hii inaangukia katika miezi ya baridi. Daku inaliwa alfajiri wakati boila imelala, na udhu unachukuliwa katika bafu lililoganda. Ongezeni kipindi kifupi cha joto cha dakika 45 kabla ya daku, na mpunguze kile cha asubuhi. Mtalipa kidogo kuliko kuiacha boila iwake usiku kucha.

Themostati za kisasa huendeshwa kwa programu ya simu, na hapa sina budi kuwa mkali. Kuna watu wako kazini, wanafungua simu wakati wa mapumziko, na kushusha joto la nyumba ambayo wake au waume zao wameketi ndani yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkiwa na programu hiyo, wote wawili muwe nayo, na asiyekuwepo nyumbani asiiguse bila kumwuliza aliyepo. Joto likitumika kama adhabu, au mtu akinyimwa joto na pesa ya mita ili atii, tumetoka kwenye habari za bili. Sheria ya mwaka 2021 ya England na Wales kuhusu unyanyasaji majumbani inautambua unyanyasaji wa kiuchumi, na mkunga, daktari wako au ofisi ya ushauri ya Citizens Advice wataisikiliza habari hiyo kwa uzito wake.

Kuna imani mbili zinazowagharimu wengi. Ya kwanza, kwamba ukiweka themostati nyuzi 28 nyumba itapata joto haraka. Boila hupasha kwa kasi ile ile. Tofauti ni kwamba haitasimama kwenye 20, na utakuja kufungua dirisha. Ya pili, kwamba kuacha gesi iwake kidogo kidogo mchana kutwa ni nafuu kuliko kuwasha na kuzima. Kwa boila ya gesi katika nyumba ya kawaida si kweli, kwa sababu kadiri ndani kunavyokuwa na joto kwa muda mrefu ndivyo joto linavyozidi kutoroka kwenye kuta na paa. Asiye nyumbani asipashe nyumba. Na mkiweza kushusha nyuzi moja kutoka pale mlipozoea, mtaiona nafuu kwenye bili, alimradi hamshuki chini ya 18.

Nyuzi 18 si namba ya kubahatisha. Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2018 kama kiwango cha chini kwa nyumba katika nchi za baridi, na likashauri joto zaidi palipo na watoto, wazee na wagonjwa. Chini ya hapo damu hupita kwa shida zaidi, presha hupanda, na kifua hudhoofika. Basi mkijadiliana, jadilini kati ya 18 na 21. Hapo pana nafasi ya kutosha ya kuvutana.

Wenye boila ya kombi, ile isiyo na tangi la maji ya moto, wana njia moja ambayo haimgusi mtu yeyote. Boila hizi huja zikiwa zimepangwa kupeleka kwenye rejeta maji ya nyuzi 70 au 80. Zikishushwa hadi 60 hivi, boila hufanya kazi kwa ufanisi zaidi kwa sababu huweza kuvuna joto lililomo katika mvuke wa moshi wake. Rejeta zitakuwa vuguvugu na nyumba itachukua muda zaidi kidogo kupata joto, lakini joto la chumba litakuwa lile lile mnalotaka. Kitufe chake huwa na alama ya rejeta, na kile chenye alama ya bomba ni cha maji ya kuogea. Mwenye tangi asifanye hivi bila fundi, kwa kuwa maji ya tangi yanatakiwa yafike nyuzi 60 au zaidi ili bakteria hatari wasizaliane. Rejeta ikiwa ya moto chini na baridi juu, ina hewa. Ufunguo mdogo wa kuitolea hewa huuzwa kwa bei ndogo katika duka la vifaa, na kazi yenyewe ni ya dakika chache wakati boila imezimwa.

Sasa unyevu, jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko bili.

Nyumba ya watu wetu ina mvuke mwingi. Tunachemsha maharage, tunapika pilau kwa wageni, tunaoga maji ya moto asubuhi na jioni, tunaanika nguo za watoto juu ya rejeta kwa sababu nje kunanyesha. Maji hayo hayapotei. Yanakaa hewani, na hewa hiyo ikigusa ukuta wa baridi yanajitoa na kuulowesha. Kwenye ukuta uliolowa, nyuma ya kabati, pembeni mwa dirisha, kuvu nyeusi inaanza. Ndiyo maana kubana matumizi kwa kuipozesha nyumba yote huja kudai gharama nyingine: kuta zinapoa, unyevu unashika, magodoro na nguo vinaharibika, na mwenye pumu haachi kukohoa.

Mwezi Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki katika mji wa Rochdale. Uchunguzi wa kisheria uliomalizika Novemba 2022 ulisema alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu na kuvu katika nyumba ya kupanga. Baba yake alikuwa amelalamika, na aliambiwa apake rangi juu yake. Waliohusika na nyumba hiyo walikuwa wamedhani chanzo ni namna familia ile ilivyoishi. Wahamiaji wengi tunaijua dhana hiyo. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyu ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na za mashirika ya nyumba za jamii: malalamiko ya unyevu na kuvu wa hatari lazima yachunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na ya dharura yashughulikiwe ndani ya saa 24. Ukiona kuvu, piga picha yenye tarehe, andika barua pepe, hifadhi nakala. Simu peke yake haiachi ushahidi.

Upande wenu ni huu. Funikeni sufuria. Washeni feni ya jikoni na ya bafuni, na mlango wa bafu ubaki umefungwa hadi mvuke utoke. Nguo zianikwe katika chumba kimoja chenye dirisha lililofunguliwa kidogo, mlango wake ukiwa umefungwa, au mnunue mashine ya kunyonya unyevu. Ndogo hutumia kama wati 200, peni 5 hivi kwa saa. Kila asubuhi fungueni madirisha dakika kumi. Najua hapa yule mwenye uchungu wa bili atapiga kelele kwamba mnapasha joto barabara. Mwelezeni kwamba joto la nyumba limehifadhiwa kwenye kuta na samani, na hewa mpya hupata joto upesi. Msizibe kwa nguo au mifuko vile vitundu vya hewa vya ukutani. Kuna kipimo kidogo cha unyevu kisichozidi pauni 15. Kiwe kati ya asilimia 40 na 60. Kikiwepo mezani, mabishano mengi huisha kwa kukitazama.

Mtoto mchanga ana kanuni yake, na akina mama zetu hawaipendi. Shirika la Lullaby Trust, linaloshughulikia vifo vya ghafla vya watoto wachanga, linashauri chumba cha kulala mtoto kiwe nyuzi 16 hadi 20, mablanketi yawe mepesi, na mtoto asivalishwe kofia akiwa ndani. Joto kupita kiasi lina hatari kwake. Bibi aliyekuja kutoka Dar kumwuguza mzazi atataka kumfunga mjukuu kwa vitenge vitatu, na atataka sebule iwe kama Kariakoo mwezi Januari. Bibi ana haki ya joto, kwa sababu umri wake na ugeni wake katika baridi vinamdai. Mpeni chumba cha nyuzi 21, soksi za sufu na blanketi. Mtoto mwacheni na nyuzi zake. Na mkwe asisikie kamwe mkinong'onezana kuhusu bili kwa sababu yake. Pangeni gharama za ujio wake kabla hajapanda ndege.

Halafu jiko la mkaa. Nyumbani, watu wamekufa kwa kuingiza jiko chumbani usiku wa baridi, na huku wapo wanaojaribu, hasa mita inapokwisha salio. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Mtu husinzia na haamki. Mkaa, jiko la kuchomea nyama, na jiko la gesi la kupikia lililowashwa kama hita visitumike kupasha chumba kwa hali yoyote, hata dirisha likiwa wazi. Mwenye nyumba wa kupangisha analazimika kila mwaka kumleta fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register kukagua vyombo vyake vya gesi na kukupa nakala ya cheti. Tangu Oktoba 2022, huko England, analazimika pia kuweka king'ora cha kaboni monoksidi katika chumba chenye boila. Ulizeni. Kama hakipo, nunueni wenyewe leo, mdai baadaye.

Wapangaji wana swali jingine la kumwuliza mwenye nyumba: cheti cha matumizi ya nishati kina herufi gani? England na Wales, nyumba ya kupangisha ya mtu binafsi kwa kawaida hairuhusiwi kuwa chini ya E, na cheti hutafutwa bure mtandaoni kwa msimbo wa posta. Kama mnahama, tazameni herufi hiyo kabla ya kutazama rangi ya jikoni. Tofauti ya pauni 30 za kodi inaweza kumezwa na Januari moja katika nyumba ya kuta nyembamba. Mlipo sasa, zibeni upepo: brashi chini ya mlango, kifuniko cha tundu la barua, mapazia mazito yanayofungwa giza likiingia, na yasining'inie juu ya rejeta.

Wanaotumia mita ya kulipia kabla waangaliwe zaidi, kwa sababu mita hizi huwachanganya waliozoea LUKU. Kiangazi gesi haitumiki sana, mtu haongezi salio miezi mitatu, lakini ada ya kila siku inaendelea kuhesabiwa. Oktoba anaweka pauni 20, na sehemu kubwa inamezwa na deni kabla chumba hakijapata joto. Hapo ndipo mke anaambiwa amemaliza gesi kwa siku mbili. Wekeni pauni chache kila wiki wakati wa jua. Wanaolipa kiasi kile kile kila mwezi kupitia benki wasiombe kukipunguza Julai wanapoona akiba. Hiyo ndiyo pesa ya Januari. Na mita isomwe mwezi kwa mwezi kama si ya kujituma yenyewe, ili msidaiwe kwa makadirio.

Kuna msaada, ingawa si kwa kila mtu. Warm Home Discount hupunguza pauni 150 kwenye bili ya umeme kwa familia zinazopata ruzuku fulani za kipato, na jina la mpokeaji au la mwenzi wake lazima liwe kwenye bili. Hii ni sababu moja zaidi ya kuyaangalia majina yaliyoandikwa pale. Priority Services Register ni orodha ya bure ya wateja wa kuangaliwa kwa ukaribu, na huwapokea wajawazito, wenye watoto wa chini ya miaka mitano, wazee na wenye ulemavu. Wenye viza inayokataza fedha za umma wasiombe ruzuku yoyote kabla ya kuongea na Citizens Advice au mshauri wa uhamiaji anayetambulika. Kosa hapo linaweza kuathiri viza. Deni likiwapo, mpigieni simu kampuni mapema na ombeni mpango wa kulipa kidogo kidogo. Wanatakiwa kuzingatia uwezo wenu.

Mazungumzo yenyewe yafanyike lini? Yasifanyike siku bili inapofika, wala mmoja akiwa ametoka zamu ya usiku. Chagueni siku ya mapumziko, mkiwa mmekula. Bili iwe mezani, na yule asiyelipa ndiye aisome kwa sauti, kuanzia ada ya siku hadi idadi ya yuniti. Kubalianeni juu ya kiasi cha pauni kwa mwezi ambacho mko tayari kukitoa kwa joto kuanzia Novemba hadi Machi, kisha anayeshinda ndani akitumie kwa busara yake bila kuulizwa kila jioni. Kikizidi, mkae tena. Kisipoisha, ashukuriwe, na kinachobaki kiende kwa mama.

Ndugu msomaji, kama wewe ndiye unayetoka na kumwacha mwenzako nyumbani, kamwulize usiku wa leo ni chumba gani kinachomwumiza kwa baridi na ni saa ngapi. Usianze kujibu kwa bei ya gesi. Msikilize hadi amalize, mwende pamoja hadi kwenye rejeta ya chumba hicho, na muiwashe.